Kununua Skuta Iliyotumika Ugenini: Karatasi Kwanza, Ufunguo Baadaye

Somo letu la safari hii linaweza kuwashangaza wengine. Mtauliza, "Sisi tuko hapa kijijini na mbuzi na maharagwe yetu, skuta za Uingereza zatuhusu nini?" Ngojeni kidogo, tutaona.

Vikundi vingi siku hizi vina mtu wao ng'ambo. Kuna muuguzi aliyekwenda baada ya serikali ya Kenya na ya Uingereza kutia sahihi mkataba wa wafanyakazi wa afya mwezi wa Julai 2021. Kuna aliyekwenda kutunza wazee majumbani kabla mlango huo haujafungwa kwa waombaji wapya kutoka nje, mwezi wa Julai 2025. Kuna mwanafunzi wa chuo. Wengi wao hawakuondoka kwa nguvu zao pekee. Kuna harambee iliyofanywa, kuna ng'ombe aliyeuzwa, na mara nyingi kuna mkopo wa kikundi ambao bado unalipwa.

Sasa simu inalia. Kijana anasema, "Mama, nimepewa zamu ya saa kumi na mbili unusu asubuhi, na basi la kwanza hupita saa moja. Nimepata skuta ya bei ya chini sana. Naomba kikundi kinipumzishe kulipa mkopo miezi miwili nikainunue." Mama analeta neno mkutanoni. Mwekahazina anakuna kichwa. Je, kikundi kikubali au kikatae?

Bila kujua mambo yalivyo kule, mtakubali kwa huruma au mtakataa kwa hofu. Na tutaona mwishoni kwamba yanayompata mgeni wa Uingereza ni ndugu ya yale yanayokipata kikundi kinachonunua pikipiki ya bodaboda hapa hapa.

Skuta ni nini?

Ni pikipiki ndogo yenye mahali pa kuweka miguu mbele ya kiti. Nyingi hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Wazee wetu waliziita vespa, hata kama zilitengenezwa na kampuni nyingine. Kwa mgeni anayeanza maisha, skuta yenye injini ya cc 50 au cc 125 inafaa. Hainywi petroli nyingi, na kodi yake ya barabara ni ndogo, kwa sababu pikipiki zisizozidi cc 150 ziko katika daraja la chini kabisa la kodi. Tena kule wanaendesha upande wa kushoto kama sisi.

Lakini sheria haimuulizi mtu anatoka wapi. Inamuuliza ana karatasi gani. Tutakayosema hapa yanahusu Uingereza yenyewe, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake za leseni.

1. Leseni kabla ya skuta

Kosa la wageni wengi ni kununua kwanza, kisha kuuliza leseni. Utaratibu ni huu:

Kama mtu wenu ana leseni ya Kenya ambayo haijaisha, na imeandikwa daraja la pikipiki, anaruhusiwa kuitumia kwa miezi 12 tangu alipoanza kukaa kule. Siku ya kwanza ya mwezi wa 13 leseni hiyo haimsaidii tena barabarani. Kama leseni yake ni ya gari tu, haimruhusu kupanda pikipiki hata siku moja.

Asiye na leseni ya pikipiki, au aliyemaliza miezi 12, ataomba leseni ya mwanafunzi kutoka DVLA, ile ofisi ya serikali inayoshughulikia leseni na usajili wa magari. Ili apewe, ni lazima awe na ruhusa ya kukaa nchini angalau siku 185. Ada mwaka 2025 ilikuwa pauni 34 kwa anayeomba kwa mtandao, na pauni 43 kwa anayetuma kwa posta. Hakuna haja ya kumlipa wakala. Mtandao umejaa watu wanaojifanya ofisi na kudai ada mara mbili. Tovuti ya serikali ni moja tu, gov.uk.

Akiisha kupata leseni hiyo, atafanya mafunzo ya msingi yanayoitwa CBT. Kwa kawaida huchukua siku moja. Mwalimu humfundisha uwanjani, kisha humpeleka barabarani na kumwangalia. Akiridhika, humpa cheti cha miaka 2. Kwa cheti hicho mwenye miaka 17 na zaidi anaweza kuendesha skuta isiyozidi cc 125, lakini kwa masharti: aweke kibao chenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, asibebe abiria, na asiingie barabara kuu za mwendo kasi ziitwazo motorway. Miaka 2 ikiisha kabla hajafaulu mitihani ya leseni kamili, atarudia CBT.

Helmeti si hiari. Imekuwa sheria kule tangu 1973. Na asinunue helmeti ya mtumba. Helmeti iliyowahi kugonga chini inaweza kuonekana nzima kwa nje na huku ndani imekwisha kazi.

2. Hesabu ya pesa yote, si bei ya skuta tu

Hapa ndipo kikundi kinaweza kumsaidia mtu wake kwa maswali mazuri. Bei ya skuta ni mwanzo tu wa gharama. Mwambieni aandike kwenye karatasi:

- bei ya skuta
- leseni na CBT
- helmeti, glavu na koti la mvua
- bima ya mwaka
- kodi ya barabara
- ukaguzi wa mwaka
- mnyororo na kufuli imara
- pesa kidogo ya tairi, breki na betri

Katika orodha hii, kinachowapiga wageni chini ni bima. Kampuni ya bima haimjui. Hana historia ya kuendesha miaka mingi bila ajali katika nchi ile. Pengine anakaa mtaa ambao skuta huibwa sana. Kwa hiyo bima ya mwaka mmoja inaweza kupita hata bei ya skuta yenyewe. Aulize bei ya bima kabla hajatoa pesa yoyote kwa muuzaji. Namba ya usajili ya skuta inatosha kuulizia.

Mwenye pauni 1,200 mfukoni asitafute skuta ya pauni 1,200. Akifanya hivyo atakuwa na skuta ukutani na miguu barabarani.

3. Kununua dukani au kwa mtu binafsi?

Dukani bei iko juu, lakini sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 inamlinda. Skuta ikionekana kuwa na kasoro ambayo ilikuwepo alipoinunua, ana siku 30 za kuirudisha na kudai pesa zake.

Kwa mtu binafsi bei iko chini, na ulinzi pia uko chini. Muuzaji binafsi anatakiwa awe na haki ya kuuza, na skuta iwe kama alivyoieleza. Asiposema neno juu ya injini, na injini ikafa kesho yake, mnunuzi atalia peke yake. Ndiyo maana tangazo la kuuza lipigwe picha na kuhifadhiwa, na maswali yaulizwe kwa maandishi: "Je, skuta imewahi kupata ajali? Je, ina deni?" Jibu lililoandikwa ni ushahidi.

4. Uchunguzi wa kukaa nyumbani

Kabla ya kupanda basi kwenda kuiona, mtu wenu amwombe muuzaji namba ya usajili. Muuzaji anayeificha namba anaficha na jambo lingine.

Kwa namba hiyo, kwenye tovuti ya serikali na bila malipo, ataona aina ya skuta, rangi yake, kama kodi imelipwa, na ukaguzi unaisha lini. Ukaguzi huo unaitwa MOT. Kila pikipiki iliyofikisha miaka 3 hukaguliwa mara moja kwa mwaka: breki, tairi, taa, usukani, fremu na kadhalika. Ada ya pikipiki haitakiwi kuzidi pauni 29.65.

Uzuri ni kwamba matokeo ya nyuma pia yanaonekana. Kila mkaguzi huandika maili zilizosomwa na makosa aliyoyaona. (Maili moja ni kama kilomita 1.6.) Tuchukue mfano. Mwaka 2021 skuta ilisomwa maili 14,000. Mwaka 2023 ikasomwa maili 9,000. Skuta hairudi nyuma kama kaa. Ama saa yake imebadilishwa, ama imechezewa. Hapo mtu aombe maelezo, au aende zake.

Jambo moja wengi hawalijui: MOT haikagui hali ya injini wala gia. Skuta inaweza kuwa na cheti cha jana na injini ya kufa kesho. Cheti kinasema tu kwamba siku ile ilipokaguliwa ilifaa kuwa barabarani.

Kuna uchunguzi mwingine wa kulipia, ambao huonyesha kama skuta imeripotiwa kuibwa, kama ina deni la mkopo, na kama kampuni ya bima iliwahi kuihesabu kuwa imeharibika. Tangu Oktoba 2017 skuta za namna hiyo hupangwa kwa herufi. Herufi A na B hazirudi tena barabarani. Herufi S maana yake fremu au mwili uliumia. Herufi N maana yake uharibifu haukugusa fremu. S na N zinaweza kutengenezwa na kuuzwa kihalali, lakini bei ni lazima ishuke, na mnunuzi aambiwe.

5. Siku ya kuiona

Aende mchana, tena aende na mwenzake anayejua pikipiki. Penye wengi hapaharibiki neno. Wakutane nyumbani kwa muuzaji, pale pale palipoandikwa kwenye karatasi. Muuzaji akisema, "Tukutane tu karibu na kituo cha treni," hiyo si dalili njema.

Aangalie mambo haya:

- Namba ya fremu. Imegongwa kwenye chuma cha skuta. Isomwe herufi moja moja na ilingane na ile ya logibuku. Ikiwa imekwaruzwa au kupakwa rangi, aache.
- Tundu la ufunguo. Likiwa limevunjwa au limebadilishwa, aulize kwa nini. Wezi huvunja hapo.
- Injini iwe baridi. Aiguse kabla haijawashwa. Muuzaji aliyeipasha moto mapema huenda anaficha shida ya kuwaka asubuhi.
- Tairi. Kwa zaidi ya cc 50, sheria inataka mistari ya tairi iwe na kina cha milimita 1 au zaidi. Aangalie pia nyufa za pembeni.
- Breki zote mbili, taa zote, indiketa na honi.
- Oili inayovuja chini, na kutu kwenye fremu. Kule hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma.

Asitume pesa ya kutanguliza kwa skuta ambayo hajaiona. Maneno ya "kuna mtu mwingine anakuja jioni" yako kila soko duniani, hata soko letu la mbuzi.

6. Logibuku ya kule si kama ya kwetu

Hapa tusome pole pole, maana ndipo Mkenya anapojikwaa.

Kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki inasema kwamba aliyeandikwa kwenye usajili anahesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo tumezoea kusema, "Nina logibuku, gari ni langu."

Uingereza logibuku inaitwa V5C. Imeandikwa juu yake wazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Inaonyesha tu ni nani anayeandikishwa kuwa mtunzaji wa skuta, yule ambaye polisi na DVLA watamwandikia barua. Mtu anaweza kuwa na jina kwenye V5C na skuta iwe ya mwingine.

Basi umiliki unathibitishwa kwa nini? Kwa risiti na kumbukumbu za malipo. Risiti iandikwe nakala mbili, na iwe na tarehe, bei, namba ya usajili, aina ya skuta, majina na anwani za pande zote mbili, na sahihi zao. Malipo yapitie benki, ili njia ya pesa ionekane. Mtu wenu asikubali kulipa pesa taslimu bila karatasi, hata kama muuzaji ni Mkenya mwenzake na wanasali pamoja. Karatasi haivunji undugu. Mara nyingi ndiyo inayoulinda.

Lakini asinunue skuta isiyo na V5C kwa sababu eti "si ushahidi". Muuzaji asiye nayo anaweza kuomba nyingine kwa pauni 25. Mwache aombe, ipatikane, ndipo wauziane.

7. Kuandikisha jina jipya

Baada ya malipo, hatua ni hizi:

Kwanza, muuzaji anaijulisha DVLA kwamba skuta ina mtunzaji mpya, na kuandika jina na anwani ya mnunuzi. Hufanyika kwa mtandao katika dakika chache, wakiwa wamesimama pamoja. Mnunuzi asiondoke kabla hajaona imefanyika.

Pili, muuzaji anakata kipande cha kijani cha V5C na kumpa mnunuzi. Kipande hicho kina namba ya tarakimu 12. Ndiyo atakayoitumia kulipia kodi ya barabara.

Tatu, V5C mpya hutumwa kwa posta. Anwani isipokuwa sahihi, itaanguka kwa mtu mwingine. Wageni wengi huishi chumba kimoja miezi mitatu kisha wakahama. Kila anapohama aijulishe DVLA. Kutofanya hivyo kunaweza kumletea faini ya hadi pauni 1,000.

Nne, kodi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2014 kodi ya barabara haiuzwi pamoja na chombo. Hata kama muuzaji alilipa jana, inakufa pale skuta inapobadilisha mikono. Mnunuzi alipe yake kabla ya kuiendesha. Siku hiyo hiyo ndipo ile karatasi ya duara ya kubandika ilipoondolewa, kwa hiyo asidanganywe na stika kuukuu. Kamera za barabarani husoma namba.

8. Bima: hapa hakuna mchezo

Skuta isitoke langoni bila bima, hata ya kwenda nyumbani jioni ile ile. Anayekamatwa bila bima hutozwa pauni 300 na kupewa pointi 6 kwenye leseni. Polisi wanaweza kuichukua skuta pale pale, na hatimaye hata kuiharibu. Akipelekwa mahakamani faini haina kikomo, na anaweza kuzuiwa kuendesha. Na siku ya kuomba viza upya, fomu itauliza juu ya hukumu na adhabu alizopata. Hapo ndipo skuta ya bei nafuu inapogeuka kuwa ghali kuliko nauli ya ndege.

Mambo matatu mtu wenu ayashike:

(a) Aseme kweli. Akiulizwa amekaa nchini muda gani, ana leseni ya wapi, anafanya kazi gani, skuta italala wapi, ajibu ilivyo. Bima iliyopatikana kwa uongo huweza kufutwa siku ya ajali.

(b) Atumie bima inayolingana na kazi. Kwenda kazini mahali pamoja na kurudi ni bima ya aina moja. Mtunzaji wa wazee anayetoka nyumba hadi nyumba siku nzima anahitaji bima ya kazi. Kupeleka chakula kwa malipo kunahitaji bima nyingine tena. Na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri. Kazi ya kupeleka chakula kwa kujitegemea, au kutumia akaunti ya mtu mwingine, inaweza kumvunjia viza. Tena si ajabu kwamba anayemwuzia skuta ndiye anayemshawishi. Kikundi kikisikia "nitapeleka chakula baada ya masomo", kimwonye kwa upendo lakini bila kuficha.

(c) Ajihadhari na madalali wa mitandaoni. Kuna wanaouza vyeti vya bima bandia kwa wageni kwa bei ndogo. Cheti kinapendeza, lakini skuta haimo katika orodha ya bima ambayo polisi huangalia. Anunue moja kwa moja kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa, kisha ahakikishe namba yake imo.

9. Anayeishi London

London ina ada ya hewa safi inayoitwa ULEZ. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 inahusu mitaa yote ya jiji hilo. Pikipiki isiyofikia kiwango cha moshi kiitwacho Euro 3 hutozwa pauni 12.50 kila siku inapoendeshwa. Kwa kawaida zilizosajiliwa tangu Julai 2007 hufikia kiwango hicho. Piga hesabu: siku 20 za kazi ni pauni 250 kwa mwezi. Ndiyo maana skuta kuukuu huuzwa bei ya kutupa.

10. Siku ya kurudi nyumbani

Mgeni hatimaye huondoka. Asiiache skuta kwa rafiki kwa mdomo tu. Akiiuza au kuigawa, aijulishe DVLA ili jina lake litoke, na miezi mizima ya kodi iliyobaki arudishiwe. Akiiacha na jina lake, makosa ya mwingine yatamfuata kwa barua, na siku akiomba kurudi atakuta deni linamngoja.

Na sisi hapa nyumbani?

Sasa turudi kijijini. Kikundi kinachonunua pikipiki iliyotumika kwa ajili ya bodaboda kifuate njia ile ile: karatasi kwanza, ufunguo baadaye. Kwetu uhamisho wa jina hufanyika kwa NTSA kupitia eCitizen. Muuzaji huanzisha kwenye akaunti yake, na mnunuzi hukubali kwenye yake. Sheria ya Trafiki inataka jina libadilishwe, na chombo hakiruhusiwi kuendeshwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye kukinunua hajasajiliwa. Nakala ya logibuku na makubaliano ya kuuziana havitoshi kukaa navyo miaka mitatu kabatini. Muuzaji akifariki, mtaanza kutafuta warithi wake.

Na kwa kuwa sheria yetu humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye mali, kikundi kifikiri sana juu ya jina. Mkiandikisha kwa jina la mwenyekiti bila maandishi mengine, siku akiaga dunia familia yake itasema pikipiki ni yao, na karatasi itawaunga mkono. Andikeni katika kumbukumbu za mkutano kwamba mali ni ya kikundi, pesa zilitoka wapi na kiasi gani, na mwenyekiti mwenyewe atie sahihi mbele ya mashahidi.

Basi kikundi kimjibu nini yule kijana?

Kisikatae haraka wala kisikubali haraka. Kimwombe mambo matano: picha ya leseni na cheti cha CBT, bei ya bima kwa maandishi, namba ya usajili ya skuta, historia ya MOT, na hesabu ya gharama zote. Akivileta, mtajua amejiandaa, na kumpumzisha miezi miwili itakuwa ni kumsaidia. Asipovileta, mwambieni apande basi kwanza, au amwombe msimamizi wake zamu ya baadaye kidogo, mpaka awe tayari. Na kabla ya kuamua lolote, mpigieni ninyi kwa namba yake mnayoijua msikie sauti yake. Matapeli nao hutuma ujumbe kwa jina la mtoto wa mtu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, kikundi chetu kina mali iliyoandikwa kwa jina la mtu mmoja? Kuna maandishi gani yanayoonyesha ni ya kikundi?
2. Ni mara ngapi tumenunua kitu kwa kuangalia bei tu, tukasahau gharama za kukitunza? Orodhesheni.
3. Mwanachama akiomba kupumzishwa malipo ya mkopo, tunahitaji kuona nini kabla ya kukubali? Katibu aandike masharti katika daftari, na yasomwe mkutano ujao.
4. Nani kati yetu anaweza kuwasaidia wazee kuingia eCitizen bila kuwatoza pesa nyingi? Mchagueni leo.